Mzee wa njugu ambaye hakuunda siagi ya njugu

Ukitaka kuona watu wakigombana bure, kaa base yoyote hapa Nairobi uulize Wamarekani wana chakula gani ambacho ni chao kweli. Hambaga itatajwa kwanza, halafu mtu atakumbusha kwamba jina lenyewe limetoka mji wa Hamburg, Ujerumani. Pitsa ni ya Waitaliano, hiyo hata mtoto anajua. Soseji ndani ya mkate ni Wajerumani tena. Mwishowe lazima atokee mjuaji mmoja aseme kwamba siagi ya njugu angalau ni yao, tena iliundwa na mtu mweusi mwenzetu, George Washington Carver. Watu wananyamaza. Linaonekana jibu zuri.

Shida ni kwamba si kweli. Na si kweli mara mbili: njugu zenyewe hazikuanzia Marekani, na Carver hakuunda hiyo siagi. Lakini usimtupe mzee wa watu bado. Alichofanya kweli ni kikubwa kuliko kopo la siagi, na ndicho watu hawasimulii. Tulia nikupitishe.

Alizaliwa mtumwa karibu mwaka wa 1864, katika shamba la mzungu aitwaye Moses Carver, kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri. Siku yenyewe hakuna aliyejisumbua kuiandika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilikuwa vinaelekea mwisho, na huko mpakani magenge yalikuwa yanazunguka usiku yakiiba watumwa na kwenda kuwauza majimbo ya kusini. Genge moja likavamia shamba la Carver, likambeba George akiwa mchanga pamoja na mama yake, Mary. Baba alikuwa ameshakufa kwenye ajali. Moses akatuma mtu awafuatilie. Mtu huyo alirudi na mtoto peke yake, akiwa na kifaduro, karibu kufa, na malipo yake yakawa farasi mmoja. Mary hakuonekana tena.

Hebu fikiria kukua ukijua bei yako ilikuwa farasi.

Utumwa ulipoisha mwaka 1865, George na kaka yake Jim walibaki kwa Moses na mkewe Susan, wakalelewa hapo. George alikuwa dhaifu kwa sababu ya ule ugonjwa, kwa hivyo hakupelekwa kazi ngumu za shamba. Alifunzwa kupika, kufua, kushona na kutunza bustani. Muda uliobaki alikuwa msituni akichimba mimea na kuihamishia kijibustani chake cha siri. Majirani walianza kumletea maua yao yaliyonyauka ayatibu, na yalikuwa yanapona. Susan akamfundisha kusoma. Lakini shule ya karibu ilikuwa ya wazungu tu, hivyo akiwa bado mvulana alifunga virago akatembea maili 8, kama kilomita 13, hadi mji wa Neosho palipokuwa na shule ya weusi.

Huko akapokelewa na Mariah Watkins, mkunga ambaye pia alikuwa akifua nguo za watu. Mama huyu hakucheza. Kijana alipojitambulisha kama George wa Carver, jinsi watumwa walivyotajwa kwa jina la mwenye mali, alimkataza papo hapo. Kuanzia siku hiyo alikuwa George Carver. Hiyo Washington ya katikati ilikuja baadaye, alipojikuta mji mmoja na George Carver mwingine na barua zao zikawa zinachanganyika.

Kutoka hapo maisha yake yanakuwa ya kuhamahama, na kama wewe umewahi kuhamia mtaa mpya na begi moja utamwelewa. Alienda Kansas. Mwaka 1879, akiwa Fort Scott, aliona umati ukimtoa mtu mweusi jela, ukamuua na kuichoma maiti. Akaondoka mji huo. Akaenda mwingine, akasoma kidogo, akafua nguo, akapika, akasonga. Karibu kila mahali alipoishi kazi iliyomlipia masomo ilikuwa kufua. Sisi tungemwita mama fua, ila huyu alikuwa kijana wa kiume na alikuwa anasoma kemia usiku.

Miaka ya 1880 aliandikia chuo kimoja cha Highland, Kansas, akakubaliwa kwa barua. Akafunga safari. Alipofika na wakaona rangi ya ngozi yake, wakamwambia hawachukui weusi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilishinda nyumbani, na hiyo inauma vya kutosha. Lakini kufika getini na barua mkononi halafu ukarudishwa kwa sababu ya uso wako? Alikaa miaka kadhaa bila kujaribu tena. Akachukua kipande cha ardhi nyika ya magharibi mwa Kansas, akajenga nyumba ya matope na nyasi, akalima ekari 17 kwa mkono. Ukame na baridi vikamshinda.

Mwaka 1890 akaingia Simpson, chuo kidogo cha kanisa jimbo la Iowa, kusomea uchoraji na piano. Ndiyo, uchoraji. Alitaka kuwa msanii. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona kwamba kila anachochora ni mimea, na tena anaichora kama mtu anayeijua ndani na nje. Babake Etta alikuwa profesa wa kilimo cha bustani katika chuo cha jimbo huko Ames, na yeye akamsukuma kijana huyo aende huko. Mwaka 1891 Carver akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Mwanzoni walimpeleka kula chini ya jengo pamoja na wafanyakazi. Mwaka 1893 mchoro wake wa yucca na dungusi kakati ukapata sifa kwenye maonyesho ya dunia Chicago, 1894 akapata digrii, akaajiriwa hapo hapo, na 1896 akamaliza shahada ya pili. Fani yake ilikuwa magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu. Angekaa Iowa angekuwa profesa mstaarabu mwenye maabara safi, na leo wewe na mimi hatungekuwa tunamjua.

Mwaka huo huo wa 1896 ikaja barua kutoka Alabama. Booker T. Washington, naye aliyezaliwa mtumwa, alikuwa ameanzisha shule ya weusi mji wa Tuskegee tangu 1881. Alitaka mtu wa kuongoza idara ya kilimo. Mshahara ulikuwa dola 1,000 kwa mwaka. Carver akakubali, akaenda akifikiri atafanya kazi miaka michache kisha arudi kwenye uchoraji. Alikaa miaka 47.

Sasa, hapa ndipo mambo ya chakula yanaanza, kwa hivyo usiharakishe.

Alabama aliyoikuta ilikuwa pamba, pamba, pamba. Pamba hadi mlangoni. Utumwa ulikuwa umekwisha kwa sheria lakini ardhi ilibaki mikononi mwa mabwana walewale. Familia nyeusi ililima kipande cha mwenyewe, ikamgawia mavuno, na wakati huo huo ikakopa mbegu, chakula na nguo kwenye duka ambalo mara nyingi lilikuwa la mwenye shamba huyo huyo. Mwisho wa msimu hesabu zilipopigwa, deni lilikuwa bado lipo. Mwaka ujao tena. Mwenye duka alikubali kukopesha kwa rehani ya pamba tu, hakutaka kusikia habari za mboga, ndiyo maana watu walipanda pamba hata pale ambapo wangepanda maharagwe. Na pamba mwaka baada ya mwaka ilikuwa imenyonya udongo ukabaki kama majivu.

Pesa za mbolea hazikuwepo. Carver alichojua ni kwamba mimea ya jamii ya kunde ina bakteria kwenye vifundo vya mizizi yake, na bakteria hao huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuiweka katika umbo mmea unaloweza kutumia. Panda jamii ya kunde msimu mmoja, fukia masalio yake, halafu rudisha pamba: mbolea bila kununua mbolea. Kwa hiyo zao la kwanza alilolipigia debe kwa nguvu halikuwa njugu. Lilikuwa kunde.

Kunde hizi hizi zetu, naam. Kunde ni mmea wa Afrika. Zilifika Marekani kwa meli za watumwa, na leo kusini mwa Marekani watu huzila siku ya mwaka mpya wakiamini zinaleta bahati. Bamia pia ni ya kwetu huku. Mchuzi maarufu wa Louisiana uitwao gumbo umepata jina lake kutoka neno la Kibantu la bamia. Tikitimaji limetoka Afrika. Ukiweka meza ya chakula cha kusini mwa Marekani, ile wanayojivunia kwamba ndiyo Marekani halisi, nusu ya sahani zimevuka bahari kutoka huku.

Na njugu? Hizo zilizunguka zaidi. Asili yake ni Amerika Kusini, pande za Bolivia na kaskazini mwa Argentina, ambako zililimwa maelfu ya miaka kabla mzungu hajafika. Wareno wakazileta Afrika karne ya 16. Waafrika wakazipenda upesi, kwa sababu walikuwa tayari na njugu mawe, zinazokua chini ya ardhi vilevile. Kutoka Afrika zikapanda meli tena, safari hii na watu waliofungwa minyororo, zikashuka Virginia na Carolina. Ndiyo maana kusini mwa Marekani bado kuna wanaoziita goober, na hilo neno limetoka kwa Kikongo, nguba. Zao la Amerika Kusini likafika Amerika Kaskazini likiwa na jina la Kongo. Sasa niambie, njugu ni za nani?

Ukinibana kabisa nitaje kilicho cha Marekani yenyewe, yaani kililimwa kwanza pale na wenyeji kabla ya Columbus, jibu langu ni alizeti. Ndiyo hiyo unayokaangia mayai. Wenyeji wa mashariki mwa Amerika Kaskazini waliifuga kutoka mmea wa porini miaka maelfu iliyopita. Ongeza njugu za pekani na zile beri nyekundu chachu wanazokula na bata mzinga. Mahindi ni ya Mexico. Viazi vitamu ni vya Amerika ya Kati na Kusini. Hakuna mtu hubishania alizeti, sijui kwa nini.

Turudi Alabama. Watu wale walikuwa wanakula nini? Nyama ya nguruwe yenye mafuta na chumvi, unga wa mahindi, na sharubati nzito ya miwa. Asubuhi, mchana, jioni. Kama unafikiri ni mlo wa kushibisha, uko sawa, ulishibisha. Lakini kuanzia mwaka 1906 ugonjwa wa pelagra ukaanza kuripotiwa Alabama na kuenea kusini nzima: ngozi inachubuka, tumbo linaharibika, mtu anachanganyikiwa, anakufa. Madaktari wengi walidhani ni wa kuambukiza. Ni Joseph Goldberger, daktari wa serikali, aliyeonyesha kuanzia mwaka 1914 kwamba chanzo ni lishe. Mahindi yana vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Wamexico walijua la kufanya tangu zamani: wanachemsha mahindi na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hiyo huifungua. Wazungu walipobeba mahindi waliacha huo ujuzi nyuma. Walichukua chakula wakaacha upishi.

Carver hakuwa daktari na hakugundua niasini. Lakini angalia alichokuwa akiwaambia wakulima kabla ya Goldberger kutoa ripoti: leni kunde, leni njugu, pandeni mboga nyuma ya nyumba, fugeni kuku, na msidharau magugu. Njugu zina niasini tele. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, anaingia msituni, anarudi na mimea ya mwituni ambayo watu waliona ni takataka, anaonyesha ipi inaliwa na inapikwaje. Wewe uliyekua ukisikia terere na managu ni chakula cha maskini, na leo unaviona vimefungwa vizuri supamaketi, unaelewa alikuwa anapigana na nini. Njaa ilikuwa nusu ya tatizo. Aibu ilikuwa nusu nyingine.

Na hakungoja waje darasani. Mwaka 1906 shule ilitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, likaitwa gari la Jesup kwa jina la tajiri wa New York aliyelichangia. Lilibeba jembe la kisasa, mbegu, vyombo vya kutengeneza siagi ya maziwa, likawa linazunguka vijijini, mwalimu anasimama kwenye ua wa mtu na kuonyesha. Carver alilichora, wa kuliendesha alikuwa Thomas Campbell, aliyekuwa mwanafunzi wake. Pia aliandika vijitabu, 44 kwa jumla, kwa lugha ambayo mkulima aliyesoma madarasa machache angeelewa. Cha mwaka 1916 ndicho kilimpa jina: jinsi ya kulima njugu na njia 105 za kuzipika. Supu, mkate, biskuti, kahawa ya njugu, nyama ya uongo ya njugu. Ndani yake mwenyewe alitaja kwamba mapishi mengi ameyatoa kwenye vitabu na magazeti ya watu wengine. Hakuficha. Ni sisi tuliokuja baadaye tukaamua kwamba vyote ni vyake.

Kuhusu hiyo siagi, wacha tumalize. Waazteki na Wainka walikuwa wanasaga njugu karne nyingi kabla. Hataza ya kwanza ya rojo la njugu zilizokaangwa ilipewa Mkanada Marcellus Gilmore Edson wa Montreal mwaka 1884. John Harvey Kellogg, yule daktari wa Michigan ambaye jina la familia yake unaliona kwenye boksi la nafaka za asubuhi, aliomba yake mwaka 1895 akitafuta chakula laini kwa wagonjwa wasiokula nyama. Mwaka 1904 ilikuwa inauzwa kwenye maonyesho ya dunia St. Louis. Kijitabu cha Carver kilikuja miaka 12 baadaye. Kwa hiyo kama kuna kitu cha Kimarekani hapo, ni kiwanda na kopo.

Maisha Tuskegee hayakuwa ya asali. Alipofika hakukuta maabara, yeye na wanafunzi wakaenda jalalani kuokota chupa, sufuria kuukuu na vifuniko wakaunda yao. Wenzake walimwonea kijicho kwa sababu alipewa vyumba viwili wakati wao walikuwa wawili wawili chumbani. Chumba cha pili alikijaza mimea iliyokaushwa. Na yeye na Booker T. Washington walikwaruzana miaka nenda miaka rudi, sanasana kuhusu kuku. Idara yake ilisimamia banda la kuku, na kuku walikuwa wanakufa, na ripoti hazikulingana na kuku waliopo. Bosi alitaka hesabu, Carver alitaka maabara. Aliandika barua za kujiuzulu mara kadhaa, hakuondoka hata mara moja. Ukweli ni kwamba usimamizi haukuwa kipaji chake, na bosi alikuwa na haki kulalamika. Washington alipofariki mwaka 1915, Carver alihuzunika vibaya, na baada ya hapo akaachiwa afanye anachojua.

Wakati huo kulikuwa na mdudu anakuja. Fukusi wa pamba alivuka kutoka Mexico akaingia Texas mwaka 1892, na kufikia miaka ya 1910 alikuwa Alabama, anataga ndani ya tumba la pamba, buu linakula kila kitu. Mashamba yaliyokataa kusikia habari za njugu yakaanza kuzisikia. Wilaya ya Coffee ilibadilika hadi njugu zikawapa pesa kuliko pamba, na mwaka 1919 mji wa Enterprise ukajenga sanamu ya kumshukuru mdudu. Sitanii, bado ipo. Lakini si haki kusema Carver peke yake ndiye aliyegeuza kusini nzima. Njugu zilikuwa zinapanda bei, viwanda vya mafuta vilizitaka, vita vya kwanza vya dunia viliongeza soko. Yeye alikuwa ameanza kupiga kelele mapema tu, tena akiwapigia maskini ambao hakuna kiwanda kilichowafikiria.

Januari 1921 wakulima wa njugu, wazungu, walimpeleka Washington kuwaombea. Njugu za bei rahisi kutoka Asia zilikuwa zinaingia na walitaka ushuru. Kamati ya bunge ikampa dakika 10. Picha yake: mzee mrefu mwembamba, sauti nyembamba ya juu, suti iliyochakaa, ua kifuani, na masanduku ya chupa. Mbunge mmoja akamtupia kijembe cha tikitimaji, ile dharau yao ya zamani kwa weusi. Carver hakupandisha mori. Aliendelea kutoa chupa moja moja: maziwa ya njugu, unga, peremende, rangi. Dakika zikaisha, wakamwongezea, wakamwongezea tena, hadi mwenyekiti akamwambia achukue muda autakao. Alipomaliza walimpigia makofi. Sheria ya ushuru ya mwaka 1922 ikazilinda njugu.

Hapo akawa staa. Na hapo ndipo mimi naanza kuwa na maswali. Magazeti yakasema ameunda bidhaa 300 za njugu, lakini fomula zake nyingi hakuziandika popote, na hataza alizochukua maisha yake yote ni 3 tu, za vipodozi na rangi kati ya 1925 na 1927. Hakuna hata moja ya bidhaa zake iliyopata soko kubwa. Miaka ya 1930 alianza kuwakanda watoto wenye polio kwa mafuta ya njugu, habari ikatoka, watu wakafurika Tuskegee wakitafuta tiba. Kukandwa kuliwasaidia misuli. Mafuta hayakuwa na uwezo huo waliopewa. Kuna pia waliomkosoa kwamba wazungu walimpenda kwa sababu hakuwasumbua. Alizunguka vyuo vya wazungu akihutubia kuhusu mimea na Mungu, halafu usiku analala mbali kwa sababu hoteli hazikumtaka, na hakulizungumzia jukwaani. Mtu aliyeona maiti ikichomwa Fort Scott hakuwa mjinga. Alichagua. Unaweza kukubali au kukataa, lakini usiseme hakujua.

Hiyo njia ya Tuskegee, ya mtu mweusi kujifunza kazi za mikono kwanza na siasa baadaye, ilifika hata hapa kwetu. Harry Thuku aliiandikia Tuskegee mwaka 1921 akitafuta msaada wa kuelimisha Waafrika wa Kenya. Miaka 4 baadaye serikali ya kikoloni ikafungua shule ya Jeanes pale Kabete kwa mfano wa shule za weusi wa kusini mwa Marekani, ikifundisha walimu ambao wangerudi vijijini na mafunzo ya kilimo, usafi na lishe. Ukipita Lower Kabete leo utakuta hapo Chuo cha Serikali. Wakoloni waliupenda mfumo huo, na kwa sababu hiyo hiyo Waafrika wengi waliushuku. Kumfundisha mtu kulima vizuri ni jambo jema. Kumfundisha kulima ili asiombe kura ni jambo lingine.

Pesa hazikumshika kabisa. Alivaa suti ileile miaka na miaka, hundi za mshahara alizisahau kwenye droo. Henry Ford akawa rafiki yake uzeeni, na alipoona mzee anapata shida na ngazi alimwekea lifti kwenye jengo alimoishi. Hakuoa, hakuacha mtoto. Akiba yake, kama dola 60,000, aliitoa kwa hifadhi ya kumbukumbu na mfuko wa utafiti pale Tuskegee.

Alianguka nyumbani, na tarehe 5 Januari 1943 akafariki. Alizikwa kando ya Booker T. Washington, yule wa vita vya kuku. Miezi michache baadaye serikali ikatenga shamba la Moses Carver kule Missouri kuwa eneo la ukumbusho wa taifa, la kwanza kabisa Marekani kwa mtu mweusi.

Mwaka 1947 moto ukaingia hifadhi yake ya Tuskegee. Kulikuwa na michoro yake 48 humo, ile sanaa aliyoiacha ili afundishe watu kula kunde. Yote iliteketea isipokuwa mitatu. Mmoja uliopona ni ule wa Chicago wa 1893, yucca na dungusi. Dungusi ndiyo hiyo inayowasumbua wafugaji wa Laikipia siku hizi, na hiyo, kwa mara moja, asili yake ni Amerika bila ubishi.